Trela la Kumpeleka Kache Taru

Kama uliishi Diani miaka ile ya hamsini na kitu, basi Boga bin Mwinga ulimwona, hata kama hukulijua jina lake. Ndiye yule mrefu, bega moja limeshuka, aliyekuwa akipita asubuhi na randa kwapani na kopo la gundi mkononi, akienda kwa Wazungu waliopiga kambi ufukoni na nyumba zao za magurudumu. Trela likivuja, aitwe Boga. Turubai likibabuka, aitwe Boga. Wazungu wakipapasa kazi yake kwa viganja na kusema fundi huyu hana mfano, na Boga hakuitikia sifa hata moja. Akiinamisha kichwa, akikusanya vyombo vyake, akienda zake. Watu wakasema ana kiburi. Kiburi! Laiti wangalijua. Kiburi alikuwa nacho, sikatai, tena cha kutosha vijiji viwili, lakini kilimtoka chote mwaka wa hamsini na saba. Nitawaeleza kilivyomtoka.

Babake, mzee Mwinga, alikuwa mshona matanga huko Shimoni. Kwake Boga alijifunza sindano, nta na kitambaa, na sheria moja aliishika kama alivyoishika bismillahi: turubai jipya halishonwi siku linaponunuliwa. Turubai jipya ni kaidi. Lipelekwe kwanza baharini, lilazwe majini siku mbili na mawe juu yake, likanyagwe, lianikwe, linywee ukaidi wake wote huko huko. Ukilishona kabla ya hapo litanywea likiwa kazini, na kazi yako yote itajikunja. Mzee Mwinga alimwambia hivyo, na babake mzee Mwinga alimwambia yeye hivyo hivyo, na hakuna tanga lao lililowahi kuwaaibisha.

Mke alimpata mbali na bahari. Ujanani aliitwa Taru kushona maturubai ya malori, akamwona Kache, binti wa mjane mmoja aliyeitwa Sidi. Nchi kavu ile, vumbi na miiba, na Boga akaona hapa ndipo. Siku alipokwenda kuposa na wajomba zake, bi Sidi alimtazama kanzu yake, akautazama mfuko wake wa sindano, akasema mbele ya watu, "Mtu wa nazi huyu! Mwanangu atakwenda kulala chini ya paa linalovuja." Watu wakaangua kicheko. Ulikuwa utani tu, utani wa siku ya posa, na nani asiyetaniwa ukweni? Boga naye alicheka. Lakini neno lile lilimwingia likakaa, na miaka kumi na tisa baadaye lilikuwa bado limo.

Paa halikumvujia Kache hata siku moja. Kila mwaka kabla ya masika Boga alipanda mwenyewe juu ya nyumba, akatoa makuti makuukuu, akatia mapya. Kache akimcheka, "Boga, nyumba hii ukiipindua majini itaelea."

Kisha mwaka wa hamsini na moja Kache alipanda mkanju, mti wa korosho, kuangua makanju, tawi likamkatikia. Hospitali walifanya waliloweza, Mungu awalipe, akarudi na uhai wake. Uti wa mgongo haukurudi. Kulala aliweza, kujigeuza aliweza, na akishika ukuta alisimama kwa muda wa kuhesabu mpaka mia. Kukaa kitako hakuweza. Walijaribu mara moja kumpandisha basi, wakamkalisha mgonjwa kitini, na kabla ya kufika hata nusu ya njia alikuwa amezimia. Tangu hapo safari zake zilikuwa baina ya kitanda na mkeka wa uani. Alisuka ukili akiwa amelala ubavu, akawasimanga wapita njia kwa majina, na mdomo wake ulikuwa mzima kabisa, alhamdulillahi.

Mwezi wa Novemba, hamsini na sita, akaja Mwero. Mwero alikuwa dereva, Mduruma wa huko huko kwa kina Kache, na Alhamisi moja kila wiki mbili alikwenda na lori lake Taru kuchukua mbuzi, kwa njia ya Kwale na Kinango. Alikuja uani, akasalimu, akavua kofia.

"Dada Kache, nimetumwa na mamako. Macho yake yamekwisha, haoni tena. Na kifua kinambana. Anasema anataka kukushika kabla Mungu hajamchukua. Amesema uje vyovyote, hata kwa mkokoteni."

Kache akaweka ukili chini. "Mayo," akasema, kama wanavyomwita mama kwao.

Boga yeye alisikia neno moja tu. Mkokoteni! Miaka kumi na tisa, na bado yule bibi anamwona ni mtu wa mkokoteni!

Mwero akaendelea, "Fundi, mimi nasema hivi. Tumtandikie magunia ya majani kule nyuma ya lori, alale. Nitakwenda polepole."

"Pamoja na mbuzi?"

"Kwenda hakuna mbuzi. Mbuzi ni kurudi."

"Mke wangu simpakii lori la mbuzi," Boga akasema. "Simpeleki kwao kama mzigo."

Kache akageuza uso ukutani. "Mbuzi hufika lakini," akasema.

Msimdhanie Boga mtu mbaya. Alimpenda mke wake kupita alivyojua kusema, na asiyejua kusema hufanya kazi. Msimu uliotangulia alikuwa amemsaidia Mzungu mmoja pale Diani kuziba trela lake, akaona limeundwaje: mbao nyembamba, juu yake turubai lililogandishwa kwa gundi, juu ya turubai rangi ya mafuta, basi, mvua iteleze, vumbi lisipenye. Akajiambia, hili naliweza. Nitamjengea Kache chumba chenye magurudumu, Mwero alivute, na mke wangu ataingia Taru amelala kitandani mwake kama malkia. Hapo tutaona paa la nani linavuja.

Wacha afanye kazi! Ekseli alitoa kwenye gari bovu lililokuwa likilaliwa na kuku Ukunda. Mbavu zilikuwa za mkoko, kuta za makasha ya chai yaliyopasuliwa. Kitanda alikining'iniza kwa mipira ya magurudumu ili mashimo ya njia yasimfikie mgonjwa. Kache alilala kwenye mkeka chini ya kivuli cha paa akisimamia kazi nzima.

"Dirisha weka upande wa kushoto."

"Kwa nini kushoto?"

"Kwa sababu milima ya kwetu itatokea kushoto, na mimi nalalia ubavu huo. Au unanipeleka nikatazame mbao?"

Dirisha likawekwa kushoto.

Mwezi wa Januari lilibaki turubai. Boga akanunua jora zima, jeupe, la kupendeza. Akalipeleka baharini, akalilaza siku mbili na mawe juu yake, akalikanyaga, akalianika, kama alivyofundishwa. Akapika gundi ya ngozi. Harufu ile! Jirani yao Mwanapili akachungulia juu ya ua na leso puani. "Boga, leo mnakula kwato?" Kache akamjibu kutoka mkekani, "Karibu, mwenzangu, kuna na pembe," wakacheka mpaka Kache akashika mgongo kwa maumivu huku bado anacheka. Boga akipaka gundi ya moto, akitandaza turubai, akilivuta, akilisukuma kwa chupa tupu lisibaki na kikunjo. "Pale, pale pana kikunjo," Kache akimwonyesha. Kando akapigilia misumari midogo ya shaba. Kisha rangi ya kijani, mikono mitatu, kila mmoja juu ya mwenzake. Lilipokwisha liling'aa, watu wakaja kulitazama, na Boga akatembea siku zile kama mtu aliyeoa tena.

Alhamisi ya safari ilikuwa mwanzo wa Februari. Jumatano yake asubuhi Boga alitoka kuswaki, akalitazama trela, mswaki ukamdondoka. Ukuta wote ulikuwa umetoka malengelenge. Mengine kama shilingi, mengine kama sahani. Akabonyeza moja, likachuruza maji. Akaweka kidole ulimini.

Chumvi.

Akaketi chini. Alielewa pale pale, maana ujinga hakuwa nao. Tanga hukaa baharini, chumvi ni maisha yake. Lakini turubai hili alikuwa amelibandika kwenye mbao na chumvi yake yote, na chumvi hunywa umande kila usiku, na gundi ya ngozi ikilowa hulegea. Babake hakumwambia, maana babake hakupata kuvika turubai kitu cha nchi kavu. Lililowajengea jina kina Mwinga vizazi vitatu ndilo lililomharibia yeye.

Alhamisi lori la Mwero likapiga honi nje. Kache alikuwa tayari tangu alfajiri, amesukwa nywele, amejifunga leso mpya ambayo haijaguswa na maji. Boga alikuwa amesimama mbele ya trela na kikwaruzo mkononi.

"Leo haiwezekani," akasema. "Limebabuka."

"Nimeliona," Kache akasema. "Twende hivi hivi."

"Likinyesha litavuja."

"Boga! Taru? Tangu lini Taru ikawa na mvua mwezi wa pili? Kitanda kizima, magurudumu mazima. Malengelenge yatanizuia nini?"

"Nitaingiaje ukweni na kitu chenye upele? Mama yako atasemaje akiliona?"

"Mama yangu haoni!" Kache akapiga kelele, na Mwanapili upande wa pili akaacha kufagia. "Mama yangu ni kipofu, Boga! Utampakia nani rangi?"

Boga akatazama chini. "Watu wa kwenu wanaona," akasema.

Ndiyo hiyo. Ndiyo sentensi aliyoisema. Mwenyewe baadaye aliisimulia kwa kinywa chake, bila kuipunguza. Mwero alijaribu kusema neno, akaambiwa safari ijayo, wallahi, safari ijayo. Lori likaenda. Kache akafungua leso yake mpya, akaikunja vizuri, akailaza kichwani pa kitanda.

Boga akakwaruza. Alibandua turubai lote, akaosha mbao kwa maji ya kisima, akazianika. Akaenda Mombasa kutafuta jora jingine, akarudi baada ya siku nne. Hili alilifua kwa maji ya kisima mara saba, kila mara analamba. Gundi tena, chupa tena, misumari tena. Rangi mkono wa kwanza, mkono wa pili. Alhamisi ya pili ilipofika mkono wa tatu ulikuwa bado unanata.

"Vumbi la Kinango litaganda juu yake, litakuwa kama msasa," Boga akamwambia Mwero. "Wiki mbili tu. Safari ijayo naapa."

Safari hii Kache nywele hakusuka, leso hakujifunga. Alikuwa amelala ameelekea ukutani akisuka ukili, na mkono wake haukusita hata lori lilipoondoka. Kimya kile cha Kache kingefaa kumtisha Boga, lakini alikuwa ameinama anapuliza kijidudu kilichotua kwenye rangi.

Alhamisi ya tatu wakaenda.

Na jamani, trela lilikuwa zuri! Usione vyaelea, vimeundwa. Ukuta laini kama yai, kijani kibichi, hakuna kikunjo. Kwale watu walitoka madukani kulitazama. Kinango mtu mmoja aliuliza ni la Bwana DC. Boga alikaa mbele na Mwero, kila mara anageuka nyuma. Baada ya Kinango alisikia Kache akigonga ukuta, wakasimama, akaenda dirishani.

"Nini? Mgongo?"

"Milima," Kache akasema. Alikuwa analia na kucheka. "Niliona. Ilitokea kushoto." Akamshika vidole kupitia dirishani. Tangu ile Alhamisi ya kwanza hakuwa amemshika. Boga alirudi mbele moyo umejaa, akasema moyoni, haya, sasa amenisamehe, na bi Sidi akitushika mikono kila kitu kitakuwa kimelipika.

Walifika alasiri. Lori lilipiga honi, na hakuna aliyekimbia kuja. Uani wanawake walikuwa wameketi chini mchangani, vichwa vimenyolewa. Kache kutoka dirishani mwake aliviona vichwa vile kabla mtu hajasema neno.

"Mayo!" Sauti ile Boga hakuisahau. "Mayo! Mayo wee!"

Kaka yake Kache, Rai, akaja polepole, naye kichwa kitupu. Akampa Boga mkono. "Karibu, shemeji. Mama tulimzika Jumanne ya wiki jana. Leo siku ya tisa."

Boga akafungua mlango wa trela. Kache alikuwa anajaribu kujiinua, kucha zimeshika ukuta. Akambeba mikononi, akampeleka nyuma ya nyumba palipokuwa na udongo mpya, akamlaza chini. Kache akajigeuza kwa kifua, akaweka mkono mmoja juu ya kaburi kama mtu anayelala na mwenzake, akalia pale mpaka jua likazama. Akakataa kuinuliwa.

Rai alikuwa ameketi na Boga juu ya gogo. Hakuwa mtu wa kulaumu, na afadhali angelaumu.

"Wiki zile za mwisho alituambia tumtoe kitanda nje, karibu na njia, apate kusikia lori," akasema. "Alhamisi ile ya kwanza akasikia, akasema, inueni mgongo wangu, wamekuja. Mwero akamwambia bado. Alhamisi ya pili hivyo hivyo. Tukamwambia, mama, hawaji. Akatukemea. Akasema, mkwe wangu ni fundi, hawezi kumleta mwanangu ovyo ovyo. Nyumba yake miaka yote hii haijamvujia. Shemeji, alijivunia wewe sana, wallahi, mpaka majirani wakachoka."

Boga akamtazama. "Si alisema mwanawe atalala chini ya paa linalovuja?"

"Nani, mama? Lini?"

"Siku niliyoposa. Watu walicheka."

Rai akafikiri, akauliza wazee wawili waliokuwa karibu. Hakuna aliyekumbuka. Hakuna hata mmoja! Neno ambalo Boga alikuwa amelibeba miaka kumi na tisa, waliolicheka walilisahau kabla ya kula wali wa posa.

Kesho yake wanaume wa Taru walilizunguka trela. Walilipapasa kwa viganja, wakainama kutazama misumari, wakasema lahaula, kumbe binti ya Sidi alipata mume fundi hivi! Kila alilolitaka Boga alilipata asubuhi ile, watu wa ukweni wamesimama mbele ya kazi yake wanasifu, wazee kwa vijana. Alikwenda nyuma ya zizi la mbuzi, asiwasikie.

Kache hakumwambia neno baya. Alimwambia tu, "Nenda nalo. Mimi nitakaa mpaka arobaini. Sitaki kuliona hilo." Trela likarudi Diani tupu, mlango unabamizwa na upepo njia nzima kwa sababu Boga hakuwa na moyo wa kushuka kuufunga.

Arobaini ilipokwisha alipanda lori na Mwero kwenda kumchukua. Alikuwa ametuma kuuliza amchukue kwa chombo gani, maana hajui la kufanya, na Kache alikuwa amejibu kwa kinywa cha Mwero: kwa mgongo wako. Basi akachuchumaa mlangoni kwa Rai, wakampandisha mgongoni, akambeba mpaka barabarani. Alishangaa alivyo mwepesi. Akamlaza nyuma ya lori juu ya magunia ya majani, mbuzi thelathini wamewazunguka wanalia, naye akakaa kando akiwazuia kwa miguu wasimkanyage.

Njia ilikuwa ile ile. Kila shimo Boga aliliona likimpanda Kache mgongoni, akaona midomo inavyobanwa. Alikuwa ametia pindo la leso baina ya meno. Hakuzimia, wala hakuguna. Kinango lori liliposimama kunywesha mbuzi maji, Boga akainama.

"Inauma sana?"

Kache akatoa leso mdomoni. "Inauma," akasema. "Na mwezi wa pili ingeuma hivi hivi, Boga. Na ningefika."

Boga akamshika mkono. Kache hakuuondoa, lakini hakufumba vidole vyake. Mwero akawasha lori, wakapanda kwenda Kwale.